Kuboresha boti ndogo ya alumini nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa wasomaji wa Kiswahili walioko Marekani, hasa ndugu zetu wa Kentucky, Ohio, Indiana na Michigan, waliopata boti ya alumini ya futi 12 hadi 16 na wanaotaka kuifanyia kazi wenyewe, uani au gereji. Wengi wetu tumekulia Uvira, Kigoma, Kisumu au pwani, na chombo tulichokizoea ni cha mbao. Alumini ina tabia zake. Ninachokiweka mbele ya yote ni uzito: kila kitu unachoongeza kwenye boti ndogo kinachukua nafasi ya mtu, na boti haitakudai siku ile unapofunga bolti. Itakudai siku upepo ukiinuka mko katikati ya ziwa.

Nimeona boti ya futi 14 inauzwa. Niangalie nini kabla ya kutoa pesa?

Anza na karatasi. Boti zilizotengenezwa Marekani tangu mwishoni mwa 1972 zina namba ya utambulisho yenye herufi na tarakimu 12, imegongwa kwenye tezi (ukuta wa nyuma wa boti), upande wa kulia. Ilinganishe na hati ya muuzaji, herufi kwa herufi. Namba ikiwa imesuguliwa au imefunikwa kwa kibati, ondoka. Bei nzuri haitakusaidia mbele ya karani wa usajili.

Kisha lala chini uangalie tumbo la boti. Mikwaruzo si neno. Unachotafuta ni ufa karibu na mataruma (mbavu za ndani za boti), riveti zilizolegea, na vidoa vyeupe vyenye unga na vishimo ndani yake, kwa maana hapo alumini imeliwa. Shika tezi kwa mikono miwili uitikise. Ikicheza, ubao uliomo ndani umeoza. Tazama pia magurudumu ya trela: zungusha kila moja, na likinguruma, beringi zimekwisha.

Kwenye matangazo utakutana na namba kama 1436 au 1448. Tarakimu mbili za kwanza ni urefu kwa futi, na mbili za mwisho ni upana wa sakafu kwa inchi. Kama nia yako ni kujenga sitaha na kuvua umesimama, tafuta 1448. Hakuna ufundi unaoweza kuongeza upana baadaye.

Kile kibao kilichobandikwa ndani ya boti kina kazi gani?

Ndicho kitu cha thamani kuliko vyote kwenye boti hiyo. Sheria ya shirikisho inataka boti za injini za kawaida zilizo chini ya futi 20 ziwe nacho. Kinataja idadi ya watu, uzito wa watu, uzito wa jumla wa watu na injini na mizigo, na nguvu ya juu ya injini inayoruhusiwa.

Chukua kalamu upige hesabu kabla ya kununua hata ubao mmoja. Tuseme kibao chako kinasema pauni 600 kwa jumla. Watu wawili wa pauni 180 ni 360. Injini ya petroli ya nguvu farasi 9.9 ni karibu 85. Betri ya asidi ni 55, mota ya umeme 30, tangi la mafuta la galoni tatu likijaa ni kama 25. Umeshafika 555, na bado hujaweka nanga, kisanduku cha ndoana, maji ya kunywa wala makasia. Zimebaki pauni 45. Plaiwudi moja nzima ya unene wa robo tatu inchi, ile ya futi nne kwa nane, ni karibu pauni 70.

Hesabu hiyo ndiyo iliyoamua karibu kila jibu lililo hapa chini. Ndiyo sababu nasema plaiwudi nyembamba, pembe za alumini badala ya mbao nene, na tangi la samaki liachwe. Ukitaka sitaha kubwa na betri mbili, basi boti hiyo imekuwa ya mtu mmoja, na ni vizuri ukubali hivyo mapema kuliko kujidanganya.

Usiking'oe kibao wala usikipake rangi. Ukipaka boti, kifunike kwa utepe wa karatasi wenye gundi, ule wa mafundi rangi.

Boti inavuja. Nitajuaje inavujia wapi?

Iweke juu ya trela, ziba kizibo cha nyuma, kisha mimina maji ndani. Inchi mbili au tatu zinatosha, na usizidishe: katika boti ya futi 14 yenye sakafu ya inchi 36, inchi tatu za maji hukaribia pauni 600. Trela iwe na mbao zinazobeba tumbo sawasawa, na magurudumu yawekewe mawe.

Subiri nusu saa, kisha ingia chini na kitambaa kikavu, tochi na kalamu nene ya wino. Futa mstari mmoja wa riveti, utazame. Riveti nzima hubaki kavu. Iliyolegea hutoa kwanza pete nyembamba ya unyevu kuzunguka kichwa chake, kisha tone linajikusanya taratibu upande wa chini hadi linadondoka. Zungushia duara papo hapo, kwa sababu maji hutambaa kwenye mshono, na ukirudi baada ya dakika kumi utadhani riveti tatu zinavuja kumbe ni moja. Ukimaliza, fungua kizibo maji yatoke. Duara zako ndizo ramani ya kazi.

Riveti zilizolegea zinarekebishwaje?

Kazi hii inahitaji watu wawili. Mmoja anakaa ndani ya boti na kukandamiza kipande kizito cha chuma kwenye mkia wa riveti. Mwingine, nje, anagonga kichwa kwa nyundo, mara mbili au tatu, kwa kiasi. Riveti inajibana na kurudi mahali pake. Usigonge kwa hasira. Bati la boti hizi ni jembamba na litabonyea.

Riveti isiyokaza tena itobolewe kichwa kwa keekee, isukumwe nje, na nyingine iwekwe mahali pake ikiwa imechovywa kwenye gundi ya majini kama 3M 5200. Chini ya maji tumia riveti nzima, au zile za kuvuta zenye ncha iliyozibwa. Riveti za kawaida za kuvuta, zinazouzwa kila duka la vifaa, zina tundu katikati na maji yatapita humo humo. Nimeona boti iliyowekewa riveti hizo tumboni kote, na mwenyewe akashangaa kwa nini inavuja kuliko mwanzo.

Mishono mirefu inayotoa jasho dogo dogo huzibwa kwa epoksi nyepesi ya kumimina kutoka ndani, kama Gluvit. Bati liwe safi, kavu na lenye joto. Mafuta na tope la miaka mingi vikibaki, epoksi itabanduka ndani ya msimu.

Huko nyumbani tulikuwa tunakalafati kwa pamba na mafuta. Hapa haifai?

Haifai. Mbao ikiingia majini hufura na kuibana pamba ndani ya mshono, alumini haifuri. Tena pamba hushika unyevu na kuuweka pale pale kwenye bati, na bati litaanza kuliwa. Silikoni ya bafuni nayo usiiguse: haishiki vizuri kwenye alumini, na inaacha utelezi unaozuia gundi nzuri na rangi kushika baadaye.

Naweza kuchomelea mwenyewe?

Kama hujawahi kuchomelea alumini, usianzie kwenye boti. Alumini yenyewe huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, lakini utando wa oksidi unaoifunika huyeyuka zaidi ya nyuzi 2,000. Kwa hiyo unapochoma, juu panaonekana pagumu, na ghafla chini pote pamekuwa maji na tundu limefunguka. Mashine ya kuchomelea geti haitafanya kazi hii. Tena kukiwa na povu (lile gumu linaloizuia boti kuzama) nyuma ya bati, joto linaweza kuliwasha, na moshi wake ni sumu. Ufa mkubwa mpelekee fundi wa alumini. Mpe boti ikiwa tupu na imeoshwa, utalipia saa chache.

Nitumie mbao gani kwa sitaha na sakafu?

Plaiwudi ya nje ya nusu inchi, yenye gundi isiyoyeyuka kwa maji, ikiwa imeegemea fremu kila baada ya inchi 16 hivi. Plaiwudi ya majini ni bora zaidi kwa kuwa haina mashimo katikati ya matabaka, ila bei yake inauma. Ile ya kawaida nayo itakaa miaka ukiifunga vizuri: paka epoksi pande zote mbili, na kingo uzipake mara tatu, maana maji huingilia kingoni. Toboa matundu yote kwanza, ndipo upake, ili na ndani ya matundu ipite.

Sasa onyo ambalo naliandika kwa herufi kubwa moyoni mwangu. Ile mbao ya kijani iliyotiwa dawa ya kuzuia mchwa na kuoza, inayojengewa baraza za nje, isiguse boti yako. Tangu 2004 mbao hizo zinazouzwa kwa ajili ya nyumba hutiwa dawa zenye shaba nyingi, na shaba ikikutana na alumini penye unyevu, alumini ndiyo inayoliwa. Watu huinunua kwa nia njema kabisa, wakiona "haiozi". Ni kweli haiozi. Boti ndiyo itakayotoboka chini yake, na hutaona mpaka ung'oe sakafu.

Shaba kidogo tu inaweza kuharibu boti kweli?

Inaweza. Metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji hufanya kama betri, na ile dhaifu humomonyoka. Alumini ni dhaifu mbele ya shaba, risasi na chuma. Ndiyo maana chubwi na sarafu zilizoangukia kwenye ngama (chini kabisa ndani ya boti, maji yanapokusanyika) haziachwi. Ukiinua sakafu ya boti ya zamani mara nyingi utakuta senti imelala kwenye tope, imezungukwa na unga mweupe. Ukiichomoa kwa ncha ya kisu, chini yake pana shimo la mviringo, wakati mwingine limebakiza unene wa karatasi. Kila mwisho wa msimu fungua, fagia, osha ngama kwa maji safi.

Kwa sababu hiyo hiyo, skrubu na bolti ziwe za stenlesi, na kila inapopenya alumini uipake gundi ya majini au grisi ya kutenganisha kama Tef-Gel. Skrubu za dukani zenye rangi ya dhahabu ni za kazi za ndani ya nyumba. Na rangi ya tumbo ya kuzuia magugu isiwe yenye shaba.

Nataka kukata benchi la katikati nipate nafasi. Inakubalika?

Swali hili huja kila wiki, na jibu langu ni: usilikate kabla hujajua linafanya nini. Benchi hilo linazishika mbavu za kushoto na kulia zisipanuke, na ndani yake ndimo mlimo na povu linaloizuia boti kuzama ikijaa maji. Ukiliondoa, bati la pembeni litaanza kucheza kila mnapopita kwenye wimbi, na riveti zitalegea moja baada ya nyingine.

Njia ninayoipenda ni kuacha mabenchi yote na kujenga sitaha kati ya benchi la mbele na la katikati, kwa urefu ule ule wa mabenchi au chini kidogo. Fremu iwe ya pembe za alumini za inchi moja na nusu, unene wa moja ya nane, zimefungwa kwenye mabenchi na kwenye mataruma. Usitoboe tumbo. Kila tundu chini ya mstari wa maji ni deni. Sitaha uifunge kwa skrubu, siyo kwa gundi, ili uweze kuinua ukague na kusafisha. Acha nafasi ya vidole viwili kati ya ukingo wa sitaha na bati ili maji yateremke hadi kwenye ngama, yasituame.

Ukiwa umeamua kabisa kukata, weka mihimili ya alumini kutoka ubavu hadi ubavu mahali pale pale, na rudisha povu la ujazo ule ule au zaidi, chini ya sitaha na pembeni.

Povu gani linafaa?

Futi moja ya ujazo ya povu jepesi hubeba takriban pauni 60 majini. Mbao za povu za rangi ya waridi au buluu zinazotumika kwenye kuta za nyumba hukatika kwa msumeno wa kawaida na hazinywi maji sana. Adui yao ni petroli: inaziyeyusha. Kwa hiyo zisikae chini ya tangi la mafuta. Povu la kumimina linajaza kila pembe, lakini pia linaziba njia za maji. Wanaolitumia waweke kwanza bomba la plastiki lililopasuliwa kwenye mstari wa katikati ili maji yafike kwenye kizibo.

Povu la zamani ulipime kwa mkono. Kipande kikiwa kizito na kinachuruzika, kimekunywa maji, na unabeba mzigo bure kila safari. Litoe.

Mfumo wa umeme naanzaje?

Chora kwanza kwenye karatasi: betri, fyuzi, swichi, kifaa, na waya wa kurudi. Nasisitiza waya wa kurudi. Kwenye gari bodi hutumika kama njia ya hasi. Kwenye boti ya alumini usifanye hivyo hata kwa taa moja, kwa sababu umeme unaopita kwenye bati lililo majini utalila bati hilo kwa kasi. Kila kifaa kiwe na nyaya mbili, chanya na hasi, zote zikirudi kwenye kisanduku cha nyaya.

Fyuzi kuu ikae karibu na betri, ndani ya inchi saba za waya kutoka kwenye nguzo ya chanya. Sehemu ya waya iliyo kabla ya fyuzi haina ulinzi wowote. Ikisuguana na bati, itawaka. Mota ya umeme ya msukumo wa pauni 55 inaweza kuvuta ampea 50 ikiwa kasi ya juu, kwa hiyo iwe na njia yake yenyewe: waya mnene wa geji 6 na sakiti breka ya ampea 60, bila kushirikiana na taa wala kifaa cha kutafutia samaki. Nyaya ziwe za majini, ambazo nyuzi zake za shaba zimepakwa bati jeupe. Zile za kawaida hugeuka kijani na kuvunjika ndani ya ganda lake, na utahangaika kutafuta hitilafu usiyoiona. Kila waya unapopenya bati, weka mpira kwenye tundu.

Betri ifungwe kwa mkanda ndani ya kisanduku chake. Ukiweza kulipa, betri ya lithiamu ya LiFePO4 ya ampea-saa 100 ina uzito wa nusu hivi ya ile ya asidi, na hapo umejirudishia pauni 25 au 30. Kwa maoni yangu hiyo ni pesa iliyotumika vizuri kuliko viti vya ngozi na spika. Ila ichajiwe kwa chaja yake, na isichajiwe ikiwa imeganda kwa baridi.

Betri iwekwe mbele au katikati. Injini, tangi na wewe mwenyewe mko nyuma tayari.

Navua usiku. Taa gani zinatakiwa?

Mbele, nyekundu upande wa kushoto na kijani upande wa kulia. Nyuma, taa nyeupe inayoonekana pande zote, juu ya mlingoti, angalau mita moja juu ya zile za rangi. Ziwashwe tangu jua linapozama hadi linapochomoza. Mkiwa mmetia nanga, ile nyeupe ibaki. Taa za mapambo za LED za buluu au kijani zilizobandikwa pembeni zisichanganye watu wakadhani ni taa za mwelekeo. Na waliozoea kuvua dagaa kwa karabai Tanganyika: kabla ya kuwasha taa za kuvutia samaki, soma kanuni za uvuvi za jimbo lako, kwa sababu zinatofautiana.

Ubao wa tezi umeoza. Niubadilishe mwenyewe?

Ndiyo, ni kazi ya wikendi mbili ukiwa mvumilivu. Ondoa injini, fungua bolti na pembe za juu, vuta ubao wa zamani. Ukitoka vipande vipande, uvipange chini kama vilivyokuwa ndipo uchore umbo lake. Bandika matabaka mawili ya plaiwudi ya robo tatu kwa epoksi, yabane usiku kucha, upate unene wa inchi moja na nusu hivi. Pima unene wa ule wa zamani kwanza, mpya ulingane nao. Kata, toboa, paka epoksi kila upande hadi ndani ya matundu, kisha rudisha kwa bolti za stenlesi zilizopakwa gundi.

Hapa plaiwudi ya majini ununue bila kubisha bei. Injini nzima inaning'inia hapo.

Rangi inabanduka kila mwaka. Tatizo ni nini?

Ni maandalizi. Alumini ikishasuguliwa hujivika tena utando wa oksidi, na rangi iliyopakwa juu yake haishiki. Osha kwa sabuni ya kuondoa mafuta, suuza, acha ikauke, piga msasa, futa vumbi kwa kitambaa chenye kiyeyushi, na siku hiyo hiyo upake praima ya kuuma alumini. Juu yake rangi, matabaka mawili membamba kuliko moja zito. Joto liwe juu ya nyuzi 50 za Farenhaiti; Machi huku Michigan bado ni mapema mno. Rangi ya zamani isugue kwa maji ukiwa na barakoa.

Zulia au kitu kingine?

Zulia la majini hupunguza kelele na halichomi miguu wakati wa jua, lakini linashika maji na ndoana. Rangi yenye mchanga ni nyepesi na hukauka haraka. Mimi nachagua rangi.

Naweza kujenga tangi la kuhifadhi samaki hai?

Galoni moja ya maji ni zaidi ya pauni nane. Tangi la galoni 20 ni pauni 167, yaani mtu mzima asiyekaa kitini, tena anayehama upande boti inapolala. Kwa futi 14, chukua kisanduku cha barafu chenye pampu ndogo ya hewa, au weka barafu ule samaki wako akiwa mbichi.

Na kiti cha juu cha kuzunguka?

Kwenye sakafu ya inchi 48, sawa, nguzo ikiwa fupi. Kwenye 36, kaa chini.

Nikishajenga, sheria zinabadilika?

Jambo moja hubadilika na wengi hawalijui: kizimamoto. Boti ndogo ya wazi yenye tangi la kubebeka mara nyingi hailazimiki kuwa nacho. Ukijenga sitaha iliyofungwa na mvuke wa petroli ukaweza kujikusanya chini yake, sasa unalazimika. Kanuni iliyoanza Aprili 2022 inataka chenye alama ya 5-B au zaidi kwa boti za 2018 na kuendelea, na vile vya kutupwa visizidi miaka 12 tangu kutengenezwa. Mimi ningeweka hata kama hulazimiki, na tangi la petroli ningeliacha mahali pa wazi penye upepo.

Mengine ni yale yale. Jaketi okozi moja kwa kila mtu, lenye saizi yake. Mtoto asipewe la baba. Kamba ya kuzimia injini, kama injini yako inayo, uivae: ni sheria ya shirikisho tangu tarehe 1 Aprili 2021 kwa injini za nguvu farasi 3 au zaidi. Ukiongeza mota ya umeme kwenye boti iliyokuwa ya makasia, katika majimbo mengi umeifanya boti ya kusajiliwa. Kentucky unakwenda kwa karani wa kaunti, Indiana kwa ofisi ya BMV, Michigan kwa Secretary of State. Namba za usajili zibandikwe pande zote mbili za omo (mbele ya boti), urefu wa inchi tatu, rangi inayoonekana kutoka mbali. Ukipaka boti upya, ziache wazi au ziandikwe tena.

Naishi nyumba ya kupanga. Nitafanyia wapi kazi hii?

Soma mkataba wako kwanza, na mitaa yenye chama cha wenye nyumba mara nyingi inakataza boti kuonekana barabarani. Fremu na sitaha unaweza kuzikata mahali pengine kwa vipimo vya karatasi ngumu, ukaja kuzifunga kwa siku moja.

Nimemaliza. Safari ya kwanza iweje?

Pita kwenye mzani wa malori ukiwa na trela na boti, kisha trela peke yake, upate uzito halisi wa boti. Ulinganishe na ule wa mtengenezaji. Tofauti ndiyo umeongeza, na iondoe kwenye uzito wa kibao chako.

Chagua siku isiyo na upepo, maji yenye kina cha kiuno, karibu na mteremko wa kushushia. Vaeni jaketi wote tangu nchi kavu. Kizibo ukikague kwa mkono, usimwamini mtu mwingine kwamba amekiweka. Shusha boti bila kuwasha injini, iache imefungwa kwa kamba kwa dakika 15, inua mfuniko wa sitaha utazame ngama. Ikiwa kavu, ingieni mmoja mmoja. Mtu mmoja asimame ukingoni mwa sitaha taratibu, mwingine akiwa nchi kavu atazame ubavu umebakiza inchi ngapi juu ya maji. Zikiwa chache kuliko ulivyotarajia, rudi nyumbani upunguze: kiti kimoja, betri ya pili, ile plaiwudi nene. Halafu jaribu tena.